Kionjo cha Shamba la Pito

Jumatano, 17 Januari

Hakimu aliniuliza swali, nikafungua mdomo kujibu, akaniambia ninyamaze. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Humu hakuna wa kuninyamazisha.

Naitwa Dominika. Nimezaliwa Pito, pembeni ya mji, na kazi yangu naifanyia hapa Sumbawanga mjini, kwenye gesti za jirani na stendi. Kazi gani? Hiyo hiyo unayoifikiria. Wengine wanatuita dada poa, wengine machangudoa, na baba yangu mdogo ananiita "yule wa mjini". Wateja wananiita Domi, tena kwa sauti laini.

Ijumaa iliyopita kulikuwa na msako. Tukabebwa wanawake peke yetu. Wanaume tuliokutwa nao waliambiwa wavae suruali zao waende nyumbani. Kwenye mkoba wangu wakakuta kondomu, basi hizo zikawa ushahidi. Kha! Kondomu zenyewe nilipewa na nesi wa serikali, tena akanisifu kwamba najitunza. Asubuhi serikali inanigawia, jioni serikali inanikamata nazo. Wakae wakubaliane kwanza, ili na sisi tujue tumsikilize nani.

Kosa tulilosomewa ni uzururaji. Hakimu akaniuliza, "Unakaa wapi? Una shughuli gani ya kueleweka?" Nikaanza, "Mheshimiwa, mimi kwetu ni Pito, nina shamba la..." Akanikata. "Nyamaza. Huna makazi ya kueleweka wala kazi ya kueleweka." Mwenzangu Rahel alikuwa nyuma yangu, akashindwa kuzuia kicheko, askari akamkanyaga mguu. Tukaonywa, tukaachiwa kwa sharti la kuripoti kwa afisa ustawi wa jamii.

Huna makazi. Maneno hayo nimeyabeba tangu nitoke pale.

Ijumaa, 19 Januari

Mvua tangu alfajiri. Mteja hakuna, mkaa umelowa. Nimelala na sweta juu ya sweta.

Jumatatu, 22 Januari

Tumeripoti. Afisa mwenyewe anaitwa Sekela, binti wa Mbeya, amehamishiwa hapa juzi juzi, ana kucha safi na sauti ya mwalimu wa chekechea. Tulikuwa mimi, Rahel na Sharon. Rahel na yeye katokea Mbeya, niko naye miaka yote hii mjini, mdomo wake hauna breki. Sharon ndiye mdogo wetu, alikuja kutoka Kasesya, kule mpakani, na dereva wa lori aliyemwahidi ndoa. Dereva kavuka mpaka, ndoa haijavuka.

"Dada zangu," akasema madam Sekela, "serikali haiwachukii. Kuna mpango wa kuwakwamua. Mtafundishwa kushona, kila mmoja atapewa cherehani yake."

"Madam," Rahel akadakia, "kwani mji huu una upungufu wa mafundi? Pale sokoni wamebaki wanashoneana wenyewe kwa wenyewe."

Mwanamke akikamatwa tu, serikali inamfikiria cherehani. Nikasema mimi nina shamba la marehemu mama yangu kule Pito, kama kuna msaada, nisaidiwe majembe na watu wa kulima. Akafunua karatasi zake mbele, akafunua nyuma.

"Kilimo hakimo, dada. Mpango huu ni wa wanawake wa mjini."

"Na hao wa mjini walitoka wapi, madam? Waliota kwenye lami?"

Akatabasamu kwa adabu. Halafu akatoa sharti. Tarehe nane mwezi wa tatu, Siku ya Wanawake, tutasimama mbele ya watu, kila mmoja atoe ushuhuda jinsi alivyoishi kwenye uchafu na jinsi alivyoacha. Tutapigwa picha kwa ajili ya ripoti.

"Na wanaume?" nikauliza. "Wao watasimama mstari wa pili nyuma yetu, au?"

Akainamia karatasi. Sharon akaomba aandikishwe. Mimi nikabeba mkoba wangu nikaondoka.

Jumapili, 28 Januari

Nimekwenda Pito.

Shamba la mama lipo pale mteremkoni, majani yamenifika kifuani. Tangu afe hakuna jembe lililoligusa. Mbuzi wa Adriano, binamu yangu, wanalala humo kama wamepanga.

Baba mdogo Eustaki, baba yake Adriano, alikuwa kwenye kigoda mlangoni kwake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Yule wa mjini. Umekuja kuchukua nini?"

"Nimekuja kuangalia shamba la mama."

"La mama yako lilikuwa la mama yako. Shamba lisilofukiwa majani linarudi kwenye ukoo. Mvua hizi zikiisha ntumba hazijasimama mle, namkabidhi Adriano. Ana mke, ana watoto, ana jembe. Wewe una nini?"

Huku kwetu ulezi hauanzi na mbegu, unaanza na majani. Mvua zingali zinanyesha, majani yanakatwa na kufunikwa kwa udongo, matuta ya duara, hizo ndizo ntumba. Yanaozea humo kiangazi chote, na mvua za mwaka mwingine zinapokuja ndipo unatawanya na kupanda. Mvua zikikata hujafukia, udongo unakuwa sakafu, umekwisha. Na shamba la ukubwa ule mtu mmoja halimalizi. Linataka watu wengi kwa siku moja, na watu wengi wanaitwa kwa pombe ya ulezi. Ndivyo ilivyo, hakuna mkato.

Hicho ndicho alichonitegea baba mdogo. Anajua naweza kununua majembe. Anajua pia kwamba nikiita, hakuna mtu wa Pito atakayekuja kwenye jembe la malaya.

Nimerudi mjini na tope mpaka magotini. Lile shamba sitoi. Kama hakimu anataka makazi, makazi yangu ni yale, na nitayatetea kwa kucha.

Jumamosi, 3 Februari

Rahel ananiambia, "Mwachie, shoga. Utabanana na mbuzi mpaka lini?" Nimemnunia siku nzima.

Jumatano, 14 Februari

Jumatano ya Majivu. Nilipokaa kwenye benchi kanisani, mama mmoja akajivuta pembeni na kanga yake, nami nikapata nafasi ya kukunjua miguu. Namshukuru.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mama Marsiana. Ni jirani wa mama yangu, na hakuna mwanamke wa Pito anayempita kwa pombe ya ulezi wala kwa matusi. Mwaka juzi alinifukuza uani kwake kwa ufagio. Leo alikuwa amekaa anachambua ulezi, akaniangalia kama inzi aliyeingia kwenye maziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo, viatu vyako vina tope."

Nikamweleza. Nataka pombe ya jembe, ya kuita watu walime shamba la mama. Ulezi nitaleta, kuni nitaleta, yeye alete mkono wake. Akaweka ungo chini, nikadhani anatafuta ufagio.

"Shamba langu lilipokuwa pori, nimetoka kujifungua siwezi hata kuinama, mama yako ndiye alinipikia pombe ya jembe. Sasa sikiliza vizuri. Wewe sikupi kitu. Namrudishia yeye."

"Nashukuru, mama. Tuanze lini?"

"Pasaka ikishapita."

Nikaruka. "Mama! Pasaka ni mwisho wa mwezi wa tatu! Mvua zikikata je?"

"Kwaresima mimi siwashi moto wa pombe, hata aje askofu kuniomba. Mvua ni ya Mungu na Kwaresima ni ya Mungu, wataelewana wenyewe. Kimea nitaotesha, kimea si dhambi."

Basi. Roho yangu iko juu juu, nimeitundika kwenye mawingu.

Jumamosi, 2 Machi

Mvua kubwa. Barabara ya Muze, ya kwenda ziwani, imekatika, samaki hakuna sokoni. Mimi nafurahi peke yangu mji mzima.

Ijumaa, 8 Machi

Nilikwenda, lakini nilisimama nyuma kabisa, na miwani ya jua wakati jua lenyewe halikuwepo.

Wanawake wa taasisi wote wamevaa kitenge cha aina moja. Zikapigwa ngoma, zikasomwa risala. Kisha wakaitwa "mabinti waliookolewa". Sharon akapanda jukwaani na gauni alilolishona mwenyewe kwenye mafunzo, na lilikuwa zuri, nisimdhulumu. Akapewa kipaza sauti. Akaanza kusimulia, sauti ikakatika, akalia. Watu wakapiga makofi. Aliyepiga kuliko wote alikuwa mzee mmoja wa mbele mwenye koti la kijivu. Rahel akanibinya. Sote tunajua lile koti linatundikwa wapi usiku.

Yule mtoto alikuwa anaulilia umaskini wake, na wale walikuwa wanashangilia toba.

Jumanne, 12 Machi

Picha ya Sharon inazunguka kwenye simu za mji mzima. Chini yake ameandikiwa maneno ambayo sitayaandika. Mwenye nyumba kamwambia afungashe, "mimi sikujua nampangishia mtu wa namna hiyo." Kitambaa cha kushona hakuna anayemletea. Nani avae gauni la sherehe lililoshonwa na yule wa kwenye picha? Kwa hiyo sasa ameacha kazi yake ya zamani na ile mpya haipo. Analala chumbani kwangu, na cherehani imekaa kati yetu kama mgeni asiyeongea.

Nilikwenda ofisini kumwakia madam Sekela. Nilijiandaa njia nzima, maneno yapo mdomoni yamepangana. Nikamkuta na macho mekundu.

"Picha ilikuwa ya ripoti tu," akasema. "Sijui imetokaje, dada Dominika. Sijui kabisa."

"Ukiipiga, imeshatoka," nikamwambia. Mengine yote niliyoyaandaa nikarudi nayo. Sikupenda kumwonea huruma, lakini nilimwonea.

Jumanne, 19 Machi

Jua. Mvua imegoma tangu wiki iliyopita.

Alhamisi, 21 Machi

Jua tena. Nimekwenda Pito na jembe langu nikalima peke yangu. Mpaka mchana nilikuwa nimeinua ntumba chache, ukizitazama kutoka barabarani utadhani fuko kapita. Adriano akasimama na mbuzi wake, "Pole na kazi, dada. Ulale huku basi, umalize mwakani." Nikamwambia nitalala nikishakufa, tena katikati ya hili hili shamba, nimwoteshee magugu.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua! Nimetoka nje nikaloweshwa makusudi.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Amefufuka. Mama Marsiana ametoka kanisani, hajavua hata viatu, akasema, "Kesho asubuhi mapema lete kuni. Na uje na wale wenzako, mimi sibebi maji kwa ajili ya mtu."

Alhamisi, 4 Aprili

Nimechoka, lakini niandike vizuri.

Tumepika tangu Jumatatu, mimi, Rahel na Sharon, na mama Marsiana akitutukana kwa zamu. Uji tumekoroga kwa mwiko mrefu kama mpini. Rahel aliambiwa anakoroga kama anafukuza kuku. Sharon ndiye aliyepona matusi, mama Marsiana alimtazama mikono akasema, "Huyu anajua kutulia." Kutoka kwenye mdomo ule, hiyo ni medali.

Jumamosi ndipo pombe itakapoiva. Leo ilikuwa siku ya kionjo. Pombe ya jembe haitangazwi kwa mdomo. Inapita nyumba kwa nyumba ingali changa, kila mtu anapewa kikombe kidogo aonje. Ukionja umekubali, Jumamosi jembe lako tulione. Usipotaka kwenda unasema tumbo linauma, unarudisha kikombe. Hakuna anayekulazimisha.

Mama Marsiana akawapa ndoo Rahel na Sharon, mimi nikabaki nikichochea moto. Nilijua watarudi na ndoo imejaa.

Wakarudi na ndoo tupu. Nyumba zote zimeonja!

"Wasingekosa cha bure," mama Marsiana akasema. "Wameonja kwa uroho. Kuja hawatakuja."

Rahel akasema hata baba mdogo Eustaki alionja. Alimwuliza, "Hii ni ya Marsiana?" akanywa, akapangusa ndevu, akaomba aongezewe. Tena barabarani wakakutana na madam Sekela, amekuja kumtafuta Sharon kwa habari za ufuatiliaji. Sharon kwa adabu zake akampa kikombe. Madam naye kwa adabu zake akapokea, akanywa kidogo, akakunja uso, akasema asante.

Ijumaa, 5 Aprili

Wamemwaga.

Nywele bado zina majivu. Naandika hivyo hivyo.

Mchana wamekuja mgambo na mtendaji wa mtaa. Mbele yupo Zenon, mgambo ambaye njia ya chumba changu anaijua hata umeme ukikatika. Leo hanijui. "Tumepata taarifa," akasema mtendaji, "wanawake walio kwenye mpango wa serikali wanauza pombe haramu nyumba kwa nyumba. Kibali kiko wapi?"

"Hii haiuzwi," nikasema. "Hii ni ya jembe."

"Mnasema hivyo wote. Zenon!"

Nikasimama mbele ya pipa. "Zenon, nitazame usoni," nikamwambia. Akatazama kofia ya mtendaji. Wakanisukuma, nikaanguka kwenye majivu, pipa likalala. Kazi ya wiki nzima ikatambaa uani, ikapita kati ya kuku, ikaishia kwenye mfereji. Walipomaliza wakapiga ndoo mateke, wakaondoka.

Mama Marsiana alikuwa amesimama mlangoni. Halafu akaweka mikono kichwani akapiga yowe, yowe lile la msiba, mpaka watu wakaja mbio kutoka kila nyumba wakiuliza nani kafa. Wakanikuta nimekaa kwenye majivu, Rahel analia kwa hasira, Sharon ameinamisha kichwa.

"Nani kafa?" baba mdogo akauliza, anahema.

"Pombe ya jembe imemwagwa!" mama Marsiana akapayuka. "Uani kwangu! Kimea changu!"

Hapo nikaona kitu sikuwahi kukiona. Wale waliokuwa wanasogeza kanga zao nikipita, nyuso zao zimebadilika. Kumwaga pombe ya jembe ni kama kumpiga kofi kila aliyeionja.

"Basi ndiyo imekwisha hiyo," Adriano akasema. "Pombe hakuna, na jembe hakuna. Twendeni."

Mama Marsiana akamgeukia polepole. "Wewe. Ulionja, hukuonja?"

"Mama, sasa..."

"Nimekuuliza ulionja au hukuonja?"

Adriano akatazama chini. Mama Marsiana akaanza kupita mtu kwa mtu, kidole kikiwa puani mwa kila mmoja. Ulionja? Ulionja? Na wewe, mwenye tumbo hilo, ulionja? Wote walionja. Akaja kwa baba mdogo, akasimama.

"Eustaki."

Baba mdogo akakohoa. Akatazama majivu, akanitazama mimi ndani yake.

"Nilionja," akasema. "Mara mbili."

Wakatawanyika. Nimerudi kujipangusa majivu. Sijui kesho itakuwaje. Ninalojua ni kwamba alfajiri nitakuwa mle shambani na jembe langu, aje mtu asije.

Jumamosi, 6 Aprili

Wamekuja!

Nilitangulia na Rahel na Sharon, ukungu hauonyeshi hata mkono wako. Tukaanza kufyeka. Nikasikia kikohozi upande wa juu, halafu jembe likigonga jiwe, halafu maneno ya Kifipa, halafu kicheko. Ukungu ulipopanda, mteremko mzima ulikuwa na migongo. Yule mama wa benchi la kanisani alikuwepo, kanga kaifunga kiunoni. Hakunisalimia, lakini ntumba zake zilikuwa nzuri kuliko za wote. Baba mdogo alichukua mstari wa juu, akamweka Adriano pembeni yake ili asitoroke. Mbuzi tuliwafukuza.

Nisijidanganye. Hawakuja kwa sababu wananipenda. Walikuja kwa sababu walionja na kwa sababu mtendaji aliwatukana. Sawa tu. Udongo hauulizi jembe limekuja kwa sababu gani.

Jua lilipopanda akaja madam Sekela, na pikipiki ya bodaboda. Akasimama ukingoni, akaona watu wote wale, akawa hajui aanzie wapi. Nikamfuata na jembe begani.

"Mimi ndiye nilitoa taarifa," akasema. Alikuwa karibu kulia tena. "Nilimwona Sharon na ndoo anapita milangoni. Nilidhani amekata tamaa, anauza. Nikamwambia mtendaji, nikijua atakuja kuongea na nyie. Sikujua, dada Dominika. Kwetu haiko hivi. Nisamehe."

Mtu akikuomba msamaha hivyo, hasira inakosa pa kukaa. Lakini sikutaka aondoke kirahisi. Nikamwuliza, "Juzi Sharon alikupa kikombe?"

"Alinipa."

"Ulikunywa?"

"Kidogo tu..."

Mama Marsiana, ambaye masikio yake yanasikia yanachotaka, akapaza sauti kutoka katikati ya shamba, "Kaonja huyo! Mpe jembe!"

Shamba zima likaangua kicheko. "Mgeni siku mbili," wakaanza wazee, "siku ya tatu mpe jembe!" Nikamkabidhi la kwangu. Akalishika kama mtu anayeshika nyoka aliyekufa. Sharon akaenda kumwonyesha: majani unayalaza hivi, udongo unaupindua juu yake hivi. Ntumba yake ya kwanza ilikaa upande kama kofia ya mlevi. Ya pili ilisimama. Kucha zake zile zikaisha kabla ya saa ya kula.

Tulikula makande, tukanywa maji. Hakuna pombe, na watu waliimba hivyo hivyo. Tulipomaliza ule ukingo wa chini, nilikaa kati ya ntumba nikalia. Sikuficha uso. Hilo lilikuwa shamba langu, na nililia kwa sauti.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua nzuri usiku kucha. Majani yaoze, yaoze vizuri.

Jumatano, 17 Aprili

Madam Sekela amekuja chumbani, amevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Amesema amewaandikia wakubwa wake kwamba mambo ya ushuhuda na picha yafutwe, na kilimo kiingizwe. Hajajibiwa. Nikamwambia wasipomjibu arudi tena, na tena, sisi ndivyo tunavyoishi. Amemletea Sharon kitambaa amshonee gauni la kwenda kazini. Amesema atalivaa Jumatatu, na akiulizwa fundi ni nani atamtaja kwa jina.

Halafu akauliza lile aliloogopa kuuliza. "Na wewe, dada? Nikiulizwa kama umeacha, niseme nini?"

"Ulezi nitavuna mwakani, madam. Mpaka mwakani nitakula ntumba?"

Akakichukua kitambaa cha Sharon, akaanza kukikunja upya.

"Nitaacha siku nitakayotaka mimi. Siku hiyo hakutakuwa na jukwaa. Wakikuuliza, sema ulinikuta shambani."

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua zimekata. Upepo wa baridi umeanza, ule wa kupasua midomo.

Nilikwenda Pito kutazama. Ntumba zimejipanga mteremko mzima, zimekauka juu, lakini ukichomeka mkono ndani kuna joto. Mbuzi mmoja wa Adriano alikuwa amepanda juu ya mojawapo. Kabla sijaokota jiwe nikasikia sauti ya baba mdogo kutoka kwenye kigoda chake, anafoka mpaka bondeni:

"Adriano! Toa mbuzi wako kwenye shamba la Dominika!"

Hakujua nipo. Nikabaki nimesimama pale pale. Adriano akaja mbio, akamswaga mbuzi, aliponiona akanipita.

Jioni hii naenda mjini, kazini. Rahel anasema msako mwingine unakuja, wamepanga kusafisha mji kwa ajili ya wageni fulani. Waje tu. Mkoba wangu una kondomu za serikali kama kawaida. Hakimu akiniuliza tena ninakaa wapi, safari hii nitamjibu kabla hajanikata. Na akitaka mashahidi asihangaike kuwatafuta, Pito nzima imeonja.